Mfupa wa Chujio: Dalili za Pua Ambazo Hatufai Kuzipuuza

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa mafundi wa mbao, wahudumu wa bodaboda, wazazi na wahudumu wa afya ya jamii

  

Mimi si daktari. Nilisomea uanahabari, na kazi yangu katika serikali ya kaunti ni kuhakikisha kwamba yale ambayo wataalamu wetu wanayajua yanamfikia mwananchi kwa lugha anayoielewa. Leo nina habari moja. Nyuma ya pua zetu kuna mfupa mwembamba sana, na mfupa huo ukipata shida, dalili za kwanza hufanana na mafua ya kawaida, au homa kama tunavyoiita hapa Meru na Embu. Kwa sababu hiyo watu hukaa nyumbani wakingoja homa iishe. Mara nyingi huisha. Lakini kuna siku ambazo kungoja kunaweza kumgharimu mtu jicho lake, au maisha yake. Nataka tuondoke hapa tukijua kutofautisha siku hizo na siku nyingine.

Hebu kila mtu aweke kidole kwenye mwamba wa pua, pale miwani inapokaa. Mfupa ulio nyuma ya hapo, katikati ya macho mawili, unaitwa ethimoidi. Jina hilo ni la Kigiriki na maana yake ni kitu kinachofanana na chujio. Waliouita hivyo hawakukosea. Sehemu yake ya juu, ambayo ni dari ya pua na papo hapo ni sakafu ya ubongo, ina vitundu vidogo vidogo kama chujio la chai. Neva za kunusa hupita katika vitundu hivyo. Ukinusa majani chai yanapokaushwa kiwandani, au mvua ya kwanza ikigusa udongo, habari ya harufu hiyo imepita hapo kufika kwenye ubongo.

Upande wa kulia na wa kushoto, mfupa huo huo ndio ukuta unaotenganisha pua na jicho. Madaktari waliupa ukuta huo jina la Kilatini lenye maana ya bamba la karatasi, kwa sababu wembamba wake ni kama wa karatasi. Kwa hiyo ubongo, macho na pua ni majirani wa karibu sana, na ua uliopo kati yao ni mwembamba.

Ndani ya ethimoidi kuna vyumba vidogo vya hewa, kati ya 3 na 18 kila upande. Vyumba hivi ni mojawapo ya jozi 4 za sainasi tulizo nazo kichwani. Jozi nyingine ziko mashavuni, kwenye paji la uso, na nyuma kabisa chini ya ubongo. Zote zimefunikwa ndani kwa utando laini unaotoa kamasi. Tusiidharau kamasi. Hunasa vumbi na vijidudu, kisha vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho huisukuma polepole kuelekea puani na kooni. Lakini mlango wa kila chumba ni mdogo. Ukiziba, kamasi hukwama ndani, kama mtaro uliojaa takataka wakati wa mvua, na vijidudu hupata mahali pa kuzaana.

Hapo ndipo mtu husema, "Niko na sainasi." Kusema kweli, kila mmoja wetu hapa yuko na sainasi, tangu kuzaliwa. Ugonjwa ni sainasi kuvimba. Mwenye ugonjwa huo huziba pua, husikia uzito na maumivu usoni hasa akiinama, hutokwa na kamasi nzito, na harufu za vitu humpotea.

Mara nyingi chanzo ni virusi vya mafua, na mwili huvimaliza wenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Dawa za antibayotiki haziui virusi. Kamasi kugeuka rangi ya manjano au kijani si ushahidi kwamba unahitaji antibayotiki. Rangi hiyo hutokana na chembe za kinga za mwili zinazopigana na ugonjwa. Kwa hiyo tafadhali tuache tabia ya kwenda kwenye duka la dawa na kununua vidonge viwili vitatu kila tukipiga chafya. Tunawazoesha vijidudu dawa hizo, na siku tutakapozihitaji kweli zitashindwa kufanya kazi.

Ni lini basi uende kwenye zahanati au kituo cha afya? Nenda ikiwa siku 10 zimepita na hakuna nafuu. Nenda ikiwa ulianza kupata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Nenda ikiwa joto la mwili limepanda hadi nyuzi 39 na unatokwa na usaha puani pamoja na maumivu ya uso kwa siku 3 au 4 mfululizo. Na ikiwa pua imeziba kwa wiki 12 au zaidi, huo si mafua tena, ni ugonjwa sugu. Unaweza kuwa umetokana na mzio, yaani aleji, au na nyama za pua, vile vivimbe laini vinavyoota mara nyingi kutoka katika vyumba vya ethimoidi. Nyama hizo hupatikana sana kwa watu wenye pumu. Zina matibabu, na hakuna sababu ya mtu kuishi miaka mingi akihema kwa mdomo.

Kuna dalili nyingine inayohitaji macho yenu: uchafu wenye harufu mbaya unaotoka tundu moja tu. Kwa mtu mzima, chanzo kinaweza kuwa jino bovu la juu, kwa sababu mizizi ya magego ya juu inakaribiana na sakafu ya sainasi za mashavu. Huyo hatapona bila kutibiwa jino. Kwa mtoto, chunguza kama ameingiza kitu puani. Mtoto akicheza wakati mama anachagua maharagwe, punje moja hutosha. Usijaribu kuichokoa kwa kijiti, utaisukuma ndani zaidi. Mpeleke akatolewe. Na kama alichoingiza ni betri ndogo ya duara, ile ya saa au ya kichezeo, hiyo ni dharura. Huunguza nyama ya pua kwa muda wa saa chache.

Sasa nizungumze na wazazi juu ya jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Sainasi za paji la uso hazipo mtoto anapozaliwa. Huanza kukua polepole miaka ya utotoni. Lakini za ethimoidi zipo tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo hata mtoto mchanga anaweza kupata uvimbe wa ethimoidi, na kumbukeni ukuta ulio kati yake na jicho ni kama karatasi. Usaha ukipenya ukuta huo, huingia kwenye tundu la jicho.

Mtoto huyo huwa alianza na mafua tu. Siku chache baadaye anaamka kope zimevimba na kuwa nyekundu, mara nyingi jicho moja, na mwili una joto. Wengi husema ameumwa na mdudu au ana ugonjwa wa macho. Wengine humtia jichoni maziwa, chai ya rangi au dawa ya jirani. Tafadhali, msifanye hivyo. Mtoto mwenye mafua akivimba jicho, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na kama jicho limetokeza nje, hawezi kulizungusha, anasikia uchungu akilizungusha, au haoni vizuri, hapo hakuna kungoja asubuhi. Vivyo hivyo akiwa na maumivu makali ya kichwa, anatapika, analala mno au shingo imekakamaa, maana ugonjwa unaweza kuwa umekaribia ubongo. Mtoto anayewahi hospitali hupewa dawa kwa mshipa, na wengi hupona kabisa. Anayechelewa anaweza kupoteza jicho au uhai.

Wahudumu wa afya ya jamii, ninyi ndio mnaopita nyumba kwa nyumba. Mkikuta mtoto wa namna hiyo, msimwambie mama aende kesho. Msaidieni apate usafiri leo.

Nikigeukia vijana wa bodaboda, jambo langu ni lile chujio la juu, dari ya pua. Mtu akianguka kutoka kwenye pikipiki na kugonga uso au paji, mfupa huo mwembamba unaweza kupasuka. Majimaji yanayouzunguka ubongo huanza kuvuja kupitia puani. Hayafanani na kamasi. Ni maji safi, mepesi, yanayodondoka hasa mtu akiinama, mara nyingi tundu moja, na wengine huyaonja kooni yakiwa na chumvi. Yanaweza kuonekana siku hiyo au siku kadhaa baadaye. Mwenyewe hufikiri ameshikwa na mafua kwa sababu ya baridi ya barabarani.

Hatari yake ni kwamba njia inayotoa maji nje ndiyo njia inayoingiza vijidudu ndani, na mtu anaweza kupata homa ya uti wa mgongo. Basi mtu akiumia kichwa kisha atokwe na maji safi puani, asipenge kamasi, asizibe pua kwa pamba, na asinyunyize dawa yoyote puani. Aende hospitali. Mwingine hapati maji hayo, ila anagundua kwamba hasikii tena harufu, kwa sababu neva zile nyembamba zimekatika. Asikii moshi, asikii gesi ikivuja, na chakula hakina ladha. Kinga ya haya yote tunaijua. Sheria ya trafiki inamtaka mwendeshaji na abiria wavae helmeti. Ivaliwe kichwani na kufungwa kidevuni, isining'inizwe kwenye mkono wa pikipiki.

Sasa mafundi wangu wa mbao. Ukisafiri kutoka Meru hadi Embu kupitia Nkubu, Chuka na Runyenjes, huwezi kwenda mbali bila kusikia msumeno. Vitanda, milango na viti tunavyotumia vimetoka mikononi mwenu. Lakini vumbi mnalovuta halipotei hewani.

Niwasimulie habari ya mji wa High Wycombe nchini Uingereza, mji uliosifika kwa kutengeneza viti. Miaka ya 1960 daktari wa masikio, pua na koo, Esther Hadfield, aliona kwamba wagonjwa waliomjia na aina fulani adimu ya saratani ya ethimoidi walikuwa mafundi wa samani. Yeye na wenzake, akiwemo Ronald Macbeth na Donald Acheson, walifuatilia kazi walizofanya wagonjwa hao, na mwaka 1968 wakachapisha matokeo yao. Vumbi la mbao lilikuwa ndilo linalowaunganisha. Mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani lilitangaza rasmi kwamba vumbi la mbao husababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi mzito zaidi ulihusu mbao ngumu, si zile za jamii ya saiprasi na paini. Kwetu hapa, fundi anayepiga randa na msasa mti wa muuru, ambao wafanyabiashara huuita mwaloni wa Meru, anahusika moja kwa moja.

Sisemi haya ili mtu aache kazi inayosomesha watoto wake. Saratani hii ni adimu, na mafundi wengi hawataipata. Lakini huchukua muda mrefu kujitokeza, mara nyingi miaka 20, 30 au 40. Kijana anayejifunza useremala leo ndiye mzee wa kesho, na kumkinga kunaanza leo. Fanyieni kazi mahali penye hewa inayopita. Vaeni barakoa inayoshika vumbi laini, si kitambaa cha kufunga mdomoni tu. Mkimaliza kazi, msifagie vumbi likiwa kavu wala kulipuliza kwa pampu ya hewa, lowesheni kwanza. Mashine ya kunyonya vumbi ikiwezekana, kikundi kinunue kwa pamoja. Na walioajiriwa wajue kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi.

Dalili za saratani ya eneo hili ni zipi? Ni pua kuziba upande mmoja, na isizibuke wiki baada ya wiki. Damu kutoka tundu moja mara kwa mara. Harufu kupotea. Jicho moja kutoa machozi bila sababu au kusukumwa nje. Shavu kufa ganzi. Meno ya juu kulegea upande mmoja. Uvimbe shingoni usiouma. Dalili ya mvua ni mawingu. Mafua ya kawaida huziba pande zote mbili kwa zamu, kisha huisha. Ugonjwa unaochagua upande mmoja na kukaa hapo unastahili daktari, hasa kwa fundi aliyekula vumbi miaka mingi. Ukienda, mwambie daktari kazi yako. Usipomwambia, huenda asifikirie kuuliza.

Akina mama wanaopika kwa kuni, nanyi sijawasahau. Mwaka 1964 madaktari Clifford na Beecher walichapisha uchunguzi juu ya saratani ya nyuma ya pua hapa Kenya, na miongoni mwa mambo waliyoyatazama ni moshi wa kuni ndani ya nyumba za nyanda za juu. Leo tunajua kwamba ugonjwa huo una vyanzo kadhaa, kikiwemo kirusi. Lakini moshi huwasha utando wa pua na kifua, na huzidisha pumu na maambukizi ya watoto. Msimu wa baridi, ukungu ukishuka kutoka Mlima Kenya, tunafunga milango na kusogea motoni. Tuache angalau dirisha moja wazi, tukaushe kuni vizuri, na tutumie jiko linalotoa moshi nje kupitia bomba. Wazee wanaonusa tumbaku nao wajue kwamba inaumiza utando huo huo.

Nimalizie na yale tunayoweza kufanya nyumbani. Kusafisha pua kwa maji ya chumvi husaidia sana mwenye mafua au mzio. Chukua glasi moja ya maji, weka chumvi safi nusu kijiko cha chai. Lakini sikilizeni vizuri: maji lazima yawe yamechemshwa kisha yakapoa. Usitumie maji ya mto, ya mfereji wala ya bomba bila kuyachemsha. Mwaka 2011 katika jimbo la Louisiana, Marekani, watu wawili walifariki baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba yaliyokuwa na amiba. Mdudu huyo alipanda kwenye ubongo kupitia vitundu vya lile chujio. Maji hayo hayo ukiyanywa hayakupi ugonjwa huo. Puani ni njia nyingine.

Dawa za matone za kuzibua pua, zile za duka la dawa, zisizidi siku 5. Ukizidisha, pua huzoea na kuziba zaidi kuliko mwanzo. Na kujifukiza kwa sufuria ya maji yanayochemka, kwa watoto tuache kabisa. Mtoto akigusa sufuria hiyo, ataungua vibaya kwa ajili ya mafua ambayo yangeisha yenyewe.

Mtaanzia wapi? Anzieni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Muuguzi au afisa wa kliniki atakupima, na akiona haja atakuandikia barua ya kwenda hospitali ya rufaa, iwe Meru au Embu. Dharura ya jicho au ya kichwa haihitaji kupitia hatua hizo, nenda moja kwa moja hospitali. Na kwa kuwa tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF ilichukuliwa na SHA, jisajilini mapema kwa kupiga *147# kwenye simu, au muombe mhudumu wa afya ya jamii awasaidie. Siku ya ugonjwa si siku ya kuanza kutafuta kitambulisho.

Ukisahau mengine yote, shika haya manne. Mtoto wa mafua akivimba jicho, hospitali leo. Maji safi puani baada ya kuanguka, hospitali leo. Pua iliyoziba au kutoa damu upande mmoja kwa wiki kadhaa, muone daktari. Maji ya kusafisha pua, yachemshwe kwanza. Mkifika nyumbani, mwambieni jirani mmoja ambaye hakufika hapa.